Mabomba Yanayolia Saa Tisa

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia kuomba msaada, na kabla ya yote nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu hapa nilipo mume wangu ameshachora mstari wa chaki kwenye ukuta wa bafu letu, kutoka sakafuni hadi usawa wa kioo, na Jumamosi asubuhi anauvunja kwa nyundo na patasi, na ukuta wa watu hauna kosa lolote, mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi hapa nyumbani, kwenye chumba cha nyuma kinachopakana na bafu, na kazi ninayosifiwa zaidi ni ya kutia shanga, yaani nakaa na kifua cha gauni mapajani nadunga shanga moja baada ya nyingine, na ukikosea moja tu mstari wote unakwenda upande na bibi harusi anaonekana kama amevaa haraka. Asubuhi ndiyo saa ya wateja kuja kupima. Wanakuja na mashangazi, na mawifi, na marafiki, na kila mmoja ana simu inayoimba wimbo wa harusi ili tuone gauni likichezwa litakaaje, na mimi nimezisikiliza nyimbo hizo miaka kumi na moja, Mshauri, sizichukii, ndizo zilizonilea, ila wakishatoka mlangoni masikio yangu yanakuwa yamechoka kama miguu, yanataka na yenyewe yakae chini.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya. Kinachonipumzisha mimi ni muziki wa filamu za kutisha. Si filamu zenyewe, filamu siziwezi, mende akipita tu napanda juu ya kiti, ni muziki wake bila picha, na wala si ule wa kushtua watu, ni ule wa giza kabisa, wa kujaribujaribu, ambao watunzi wake nadhani hata mama zao hawauelewi. Uliniingia wakati wa uchumba. Mume wangu alinipeleka sinema, na kuchagua hajui, akachagua filamu ya nyumba iliyojaa marehemu, mimi nikafumba macho tangu mwanzo hadi taa zilipowashwa, na mpaka leo anaamini kwamba nililala. Sikulala. Nilikuwa nasikiliza. Kulikuwa na fidla kubwa inayokwaruzwa polepole kama mtu anayesukuma kabati, na kwaya isiyoimba neno lolote, inavuta pumzi na kuitoa basi, na piano ambayo nadhani walikuwa wameichomeka misumari kwenye nyuzi, na chini ya vyote hivyo mngurumo mmoja mrefu usio na haraka ya kwenda popote. Watu ukumbini wanapiga mayowe, mimi nimestarehe, moyo umekaa mahali pake. Tangu siku hiyo nautafuta. Nikiuweka mikono inatulia, tundu la sindano naliona bila miwani, na lile gauni ambalo mama wa bibi harusi aliliona akaangua kilio cha furaha, nililitia shanga zote nikisikiliza muziki wa filamu ambayo, kwa nilivyoelezwa, hakuna anayebaki hai ndani yake.

Nausikiliza mchana tu, kuanzia saa tisa, wateja wameshaondoka na mume wangu yuko kazini. Vile vya kuvaa masikioni sivitumii, maana lazima nisikie cherehani inavyokwenda na mlango ukibishwa. Nina spika ndogo, na siku moja nikagundua jambo ambalo sasa natamani nisingeligundua, kwamba ukiisukuma hadi kwenye kona, ikagusana na lile bomba la maji linalopanda ukutani, ule mngurumo wa chini unanenepa, unakufikia hadi kwenye nyayo, raha tupu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba bomba nalo linaupokea muziki na kuupeleka bafuni, na kutoka bafuni linaupitisha jikoni, na jikoni unatokea kwenye bomba la sinki, na ukifika kule fidla haipo tena, kimebaki kilio.

Miezi miwili iliyopita mama mkwe alikuja kukaa nasi mpaka magoti yake yapone. Ni mstaafu, alikuwa opereta wa simu miaka thelathini na miwili, enzi zile ambazo huwezi kumpata mtu kwa simu bila kupitia kwake, na ni mtu mwema kweli, ananipangia shanga kwa rangi, na mchana ananisomea gazeti kwa sauti nikiwa nashona, na anaanzia na ukurasa wako huu. Wiki ile ile ya kwanza, nikiwa nimekolea na kazi, nikamwona mlangoni na kisu cha kumenyea mkononi.

"Mkwe," akaniuliza, "huko jikoni kuna nini kinalia?"

Mshauri, nilikuwa nimeshaizima spika kwa goti, sijui hata kwa nini, haya tu zilinishika, nikamjibu, "Ni mabomba hayo, mama. Yana hewa."

Akanitazama kidogo. "Mabomba," akasema. "Haya."

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe, maana nilisahau nimeolewa na nani. Mume wangu ni fundi bomba. Mabomba ya nyumba hii aliyaweka kwa mikono yake kabla hatujaoana, na siku aliyonileta kuiona nyumba alinionyesha mabomba kwanza, vyumba baadaye. Mama mkwe hakumwambia kitu, lakini jirani yetu alikuja kumjulia hali, akawa anasuuza kikombe jikoni, bomba likamlilia usoni, akauliza ni nini, na mama mkwe akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba ni mabomba tu, yana hewa. Jioni jirani akakutana na mume wangu getini, akamwambia mbele za watu, "Kumbe hata wewe fundi, mabomba yako yanakulilia?"

Tangu siku hiyo mume wangu hana raha. Akirudi kazini anafungua sanduku la vyombo kabla hajavua viatu. Amebadilisha koki zote, ametoa hewa, amepanda juu ya tangi siku ya mvua mimi nikimshikia ngazi na dhambi yangu moyoni. Akaenda kumleta hadi mwalimu wake aliyemfundisha kazi, mzee ambaye siku hizi hatoki, na siku hiyo niliponea chupuchupu kwa bahati, kwa sababu mama mkwe alikuwa mlangoni akawapokea kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Karibuni, karibuni, mwalimu wa mwanangu amefika jamani, anaingia ndani," nikawahi kuzima. Mzee aliweka ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini sikioni, akasikiliza, akasikiliza, akasema, "Bomba hili ni zima, kijana wangu. Labda wewe ndiye umechoka." Mume wangu aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama mamake.

Halafu siku moja akarudi saa kumi bila taarifa. Mimi nimezama, shanga zinakwenda zenyewe, nikasikia mama mkwe jikoni ameshikwa na kikohozi ambacho sijawahi kumwona nacho, nikazima, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilimkuta mume wangu bafuni ameweka kiganja kwenye bomba. Hakunigeukia. Akasema taratibu, "Kicheko, linalia kama mtu. Kuna mahali nilikosea." Kicheko ndilo jina analoniita, kwa vile nacheka ovyo, na Mshauri, siku hiyo nilitamani ardhi inifiche.

Basi nikaacha muziki. Nikajiambia, nikinyamaza mabomba yatapona, na mambo yataisha yenyewe. Siku nne nilishona kimya, nikajidunga vidole, nikatia shanga za rangi ya fedha mahali pa shanga za rangi ya maziwa na kufumua upya. Unadhani mume wangu alifurahi? Alizunguka na tochi siku zote nne, na ya nne akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akaniambia kwamba mlio ukinyamaza bila kutengenezwa maana yake maji yamepata njia, na sasa yanaingia ndani ya ukuta polepole, na akichelewa msingi utaloa. Ndipo akachukua chaki. Mama mkwe akamwambia, "Usivunje, baba, mabomba yako ni mazima." Akamjibu, "Wewe ni mama yangu, lazima useme hivyo."

Huyu mama naye amenichanganya. Tangu wiki ile ya kwanza, kila siku ikifika saa tisa anabeba kiti chake anakiweka kando ya sinki, anamenya kitu polepole, nami nikajua anamfanyia mwanawe uchunguzi, nikawa naogopa. Siku moja akaniambia, "Jana yalilia vizuri zaidi, hasa yale ya mwanzo mwanzo," nikaona ni utu uzima. Zile siku nne nilizoacha alikuja mlangoni kwangu na kiti mkononi, akauliza, "Leo tena kimya? Yamepatwa na nini?" Nikamwambia yamepona, mama. Akakirudisha kiti, hana furaha hata kidogo, nikasema ni magoti hayo.

Kilichoniamsha kabisa ni hiki. Mume wangu amepewa kazi aliyoitamani tangu anajifunza, kuweka mabomba yote ya jengo jipya la wodi ya wazazi, na jibu linatakiwa Jumatatu. Juzi akaniambia anaikataa. Anasema, "Siwezi kupeleka maji kwa watoto wachanga wakati bomba la nyumbani kwangu limenishinda." Anapita kwa wateja wake wa zamani, anabisha hodi na kuomba aangalie maungio yake ya miaka mitano nyuma, watu wanamshangaa. Mwanamume aliyekuwa anapiga mluzi akikata bomba, sasa anapima mara tatu na bado anatikisa kichwa.

Nimeshindwa kumwambia. Yeye anamjua Kicheko, mwoga wa mende, mshona shanga za maharusi, sasa nimwambieje kwamba mchana huyo huyo Kicheko anakaa peke yake na kwaya ya wafu na kuona raha? Na nimwambieje kwamba nilimshikia ngazi kwenye mvua nikijua? Akigomba nitavumilia. Ninachoogopa ni asipogomba. Je, nimwache avunje ukuta, aone ni mkavu, roho itulie? Au niutupe huu muziki nisiusikie tena maisha yangu yote, iwe siri yangu na kaburi? Na niambie ukweli, Mshauri, mimi ni mzima kweli?

Naomba sana usitaje jina langu.

Wako,
Kicheko

* * *

Kicheko,

Nimefika mwisho na nimecheka, tena nilianzia katikati, utanisamehe. Na tuanze na hilo la jina. Umeniomba nisikutaje, kisha ukatia sahihi kwa jina analokuita mumeo. Hata ungejiita jina jingine, mafundi bomba waliooa watia shanga na kukaa na mama opereta wa simu mjini kwenu ni wangapi? Wewe kujificha hujui. Umewahi kujaribu mara moja tu, na ona umefika wapi.

Swali lako la mwisho nalijibu la kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Wewe ni mzima. Jana nilimwomba mpanga kurasa wetu anitafutie muziki wa aina hiyo, nikauweka hapa mezani, nikafumba macho kama wewe sinema. Dakika ya pili mhasibu alichungulia akauliza kama kuna mgonjwa. Dakika ya tano na mimi nilitaka kuzima. Dakika ya kumi nikajikuta namkumbuka marehemu baba yangu akizungusha kitufe cha redio yake ya mbao, anatafuta stesheni, ile miluzi na mikwaruzo kabla mtu hajasema kitu, nami nimelala mkekani najua baba yupo na nyumba ni salama. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Kwa hiyo usiniambie habari za ugonjwa. Mtu anayeshinda na vigelegele ana haki ya kupumzika na kitu kisichopiga vigelegele. Usiutupe muziki wako, na mtu asikuambie ni wa wafu, maana naona unatia shanga za walio hai vizuri tu ukiwa nao.

Sasa la kukugombeza. Umenishangaza, mwanangu. Kuona haya naelewa, sote tuna vitu tunavyovipenda kwa siri, mimi mwenyewe vyangu sivitaji hapa. Lakini haya zako zilikuwa za dakika moja, ungeweza kucheka na mkwe wako pale pale mlangoni yakaisha, nawe ukazibebesha mtu mwingine wiki nane. Uliposema "ni mabomba" hukusema uongo juu ya vyuma. Ulisema mumeo hajui kazi, ukamsemea nyumbani kwake, kwenye kazi aliyokuonyesha kabla ya vyumba. Halafu ukamshikia ngazi. Hapo kwenye ngazi niliweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Unauliza umwache avunje, aone ukuta mkavu, roho itulie. Umeishi na fundi miaka yote hiyo na bado humjui? Ukuta ukiwa mkavu hatasema "alhamdulillahi, hakuna kitu." Atasema tatizo liko kwenye ukuta wa pili. Atavunja wa jikoni, kisha sakafu, na mwisho wa mwezi utakuwa unashona magauni chini ya turubai. Na ile njia yako nyingine ya kuacha kimya kimya umeshaijaribu, imekupa mstari wa chaki. Hata ingefanikiwa, angeishi maisha yake yote akijua kuna mahali alikosea na hakupaona. Kosa lisilopatikana linamla fundi kuliko lililopatikana, na lako halipatikani, kwa sababu halipo. Ni wewe peke yako unayeweza kumrudishia mikono yake.

Na usinipigie hesabu za ukimya wake. Atanyamaza, ndiyo. Pengine siku nzima, pengine mbili. Nawe utamwacha anyamaze, usimfuate jikoni na kueleza, usilie ili akubembeleze, usichekecheke. Alipanda tangi kwenye mvua, siku mbili za kununa ni zake kwa haki. Mtu aliyewahi kukupeleka sinema akakaa pembeni yako filamu nzima akidhani umelala, wala asikuamshe, hawezi kushindwa kukusamehe.

Tena niko hapo hapo kwenye kutomjua mtu. Chukua barua yako uisome kama vile imeandikwa na mwingine. Mwanamke aliyekaa miaka thelathini na miwili na waya masikioni, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila sauti inatoka wapi na inakwenda wapi, unadhani alishindwa kutofautisha bomba na fidla? Alikuuliza mara moja. Ukamjibu uongo, akakutazama, akasema "Haya." Tangu hapo uongo wako ameutunza yeye kuliko wewe mwenyewe. Nani alimwambia jirani ni hewa? Nani alipaza sauti mlangoni mwalimu alipofika, ukaiita bahati? Nani alishikwa na kikohozi saa kumi? Na nani amemwambia mwanawe waziwazi kwamba mabomba ni mazima, akaonekana anasema kwa huruma ya mama?

Na kile kiti kando ya sinki, Kicheko, si cha uchunguzi hata kidogo. Mama amekuja kusikiliza muziki. Zile siku nne ulizozima hakuwa anaumwa magoti, alikuwa amekatiwa simu.

Utauliza kwa nini basi hakumwambia mwanawe siku ya kwanza akamwondolea mateso. Nami nimejiuliza, na kwa kweli na yeye nina neno naye kidogo, amengoja mno. Lakini nadhani najua. Akilisema yeye, wewe unakuwa mke aliyefumaniwa na mama mkwe. Ukilisema wewe, ni mume na mke wamezungumza. Amekuachia mlango wazi wiki nane, na wewe kila siku unapita dirishani.

Haya, sikiliza sasa utakavyofanya, na usipunguze wala kuongeza. Mumeo akirudi leo, mwache avue viatu, mwache anywe maji. Usianze na maneno, wewe maneno yamekuponza. Mwambie tu, "Njoo nikuonyeshe linapolilia." Mpeleke chumba cha nyuma, kwenye ile kona, spika ikiwa pale pale ilipo. Chukua mkono wake uweke kwenye bomba, yeye ni fundi, anaamini kiganja chake kuliko kinywa cha mtu. Washa muziki. Zima. Washa tena. Mara tatu zinatosha, na ya nne ataizima mwenyewe. Kisha sema sentensi mbili: kwamba ulikuwa wewe tangu mwanzo, na kwamba ulimwona akiteseka ukaogopa aibu yako zaidi ya kumwonea huruma. Sema hivyo hivyo, usizipambe, hili si gauni.

Kisha, akishanyamaza vya kutosha, mkumbushe jambo ambalo hata mwalimu wake aliliona. Nimemuuliza fundi wa hapa ofisini. Bomba lililofungwa ovyo lingegongagonga na kutetema, muziki ungepotelea njiani. Lake liliubeba kutoka chumba cha nyuma hadi jikoni, kona zote zile, bila kugonga hata mara moja. Huo mlio uliomkosesha usingizi ndio ushahidi kwamba maungio yake ni mazuri. Mwambie hayo halafu mpe simu, awajibu watu wa wodi ya wazazi leo hii, asingoje Jumatatu, na wewe usitoke chumbani mpaka umesikia amesema ndiyo. Getini kwa jirani utakwenda mwenyewe kesho, ueleze kwa sauti ile ile aliyoulizia yeye. Chaki utaifuta wewe, kwa sponji, huku umepiga magoti.

Spika baadaye iweke juu ya meza na kitambaa chini yake. Raha ya nyayo utaikosa kidogo, vumilia.

Umebakiwa na saa chache kuliko unavyodhani. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na kwa maneno yako mwenyewe, mchana huu mkwe wako amelifungua, ameanzia ukurasa huu, na anakusomea kwa sauti ukiwa na shanga mapajani. Yaani anayesema maneno haya sasa hivi si mimi, ni yeye. Usizime kitu kwa goti. Inua uso umtazame.

Na wewe, mama, shikamoo. Najua umefika hapa bila kukohoa. Asante kwa yote uliyoyaficha, ila sasa yatosha, mwanao anavunja ukuta Jumamosi. Kunja gazeti uliweke chini ya mto mpaka mke huyu wa mwanao amalize kusema ya kwake. Mwambie ni ule upi wa mwanzo mwanzo unaoupenda, akuwekee leo jioni. Kiti chako kiko kando ya sinki tayari. Ongeza cha mwanao.